Tony Rice: maswali ninayoulizwa kila Krismasi ikikaribia

Ukurasa huu ulianza kama majibu ya simu. Kila Desemba naweka picha ya Tony Rice kwenye stetasi, na kila Desemba watu wananiuliza yaleyale: huyo mzungu ni nani, kafa lini, na mbona unamlilia kama shemeji yako. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu nayapenda. Mengine nimeyapita haraka.

Tony Rice ni nani?

Mpiga gita na mwimbaji wa Marekani. Jina lake kamili ni David Anthony Rice. Alizaliwa Danville, Virginia, tarehe 8 Juni 1951, akafariki nyumbani kwake Reidsville, North Carolina, tarehe 25 Desemba 2020, akiwa na miaka 69. Muziki wake ulikuwa bluegrass. Mwulize mpiga gita yeyote wa muziki huo amejifunza kwa nani, atakutajia majina mawili matatu, na la Rice halikosi.

Bluegrass ndiyo nini? Si country tu hiyo?

Ni ndugu wa country, ila wamelelewa nyumba tofauti. Ile country ambayo Wakenya wengi wanaijua, ya akina Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, ina ngoma, ina kinanda, ina magita ya umeme. Bluegrass ya asili haina hata kimoja. Ni vyombo vikavu vya nyuzi: banjo, fidla, mandolini, gita kavu na besi kubwa ya kusimama, wakati mwingine na dobro, gita linalolazwa na kuchezwa kwa chuma. Waimbaji hupandisha sauti juu kabisa, hadi ukidhani mishipa ya shingo itakatika.

Aliyeuanzisha ni Bill Monroe, mpiga mandolini wa Kentucky. Jimbo hilo lina jina la utani la nyasi za buluu, naye akaiita bendi yake Blue Grass Boys. Jina la bendi likaja kuwa jina la muziki wote. Mwishoni mwa 1945 kijana mmoja, Earl Scruggs, aliingia kwenye bendi hiyo na banjo anayoipiga kwa vidole vitatu, na muziki ukapata sura tunayoijua leo.

Kumbuka hili la kukosa ngoma, maana maelezo mengi yanayofuata yamesimama juu yake. Pasipo ngoma, kila chombo kinabeba kipande cha kazi ya ngoma. Besi inashika pigo la kwanza na la tatu. Mandolini inakata la pili na la nne kwa mlio mfupi mkavu. Gita linajaza katikati na kuwashikanisha wote. Akiteleza mmoja, nyumba nzima inayumba.

Kabla ya Rice, gita lilikuwa na kazi gani kwenye bluegrass?

Ridhimu. Anayezijua bendi zetu za dansi atanielewa upesi: kuna anayepiga solo, kuna wa ridhimu, kuna wa besi, na mashabiki wanamtuza wa solo. Kwenye bluegrass solo ilikuwa ya banjo, fidla na mandolini. Mpiga gita alisimama katikati, akaimba, akacharaza kordi, na mwisho wa ubeti akadondosha kijimstari kifupi cha nyuzi nzito kuwajulisha wenzake kwamba ubeti umekwisha. Lester Flatt, aliyekuwa na Monroe na baadaye na Scruggs, alikifanya kijimstari hicho kuwa muhuri wa gita la bluegrass.

Sababu ilikuwa sauti tu. Gita kavu likisimama kando ya banjo ni kama kunong'ona kando ya mashine ya kusaga.

Waliofungua mlango ni wawili. Wa kwanza ni Doc Watson, kipofu wa Deep Gap, North Carolina, aliyefariki 2012. Alikuwa kwenye bendi ya kupigia watu dansi isiyokuwa na fidla, akalazimika kuzipiga nyimbo za fidla kwa gita. Wa pili ni Clarence White, kijana wa California, na huyo ndiye aliyemharibu Tony Rice, kwa maana nzuri ya neno.

Alijifunzia wapi?

Nyumbani. Familia ilihamia California akiwa mdogo, wakaishi maeneo ya Los Angeles. Baba yake, Herb Rice, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mwanamuziki wa jioni. Watoto wa kiume wote walipiga: Larry mandolini, Ronnie besi, Wyatt gita. Kwa hiyo watu wanaposema Tony alikuwa na kipaji cha kuzaliwa, nawakumbusha pia sebule aliyokulia.

Mwaka 1960, akiwa na miaka 9, alikwenda na ndugu zake kupiga kwenye kipindi cha redio. Hapo ndipo alipokutana na Clarence White, ambaye mwenyewe alikuwa bado kijana wa miaka kumi na sita, na gita lake kuukuu aina ya Martin D-28 la mwaka 1935. Mtoto akaomba aliguse. Mwenyewe akampa.

Hilo gita la 1935 mbona linatajwa kama mtu?

Kwa sababu limeishi kama mtu. Namba yake ya kiwandani, 58957, mashabiki wanaijua kwa kichwa kuliko namba zao za kitambulisho.

Kwanza, halikuwa zima. Tundu la sauti lilikuwa limepanuliwa na fundi fulani zamani, kubwa kuliko la kawaida, na ubao wa shingoni ulikuwa wa kubandika, si wa asili. Mkusanyaji wa magita makuukuu angelinunia. Lakini tundu lile pana lilifanya mlio utoke mbele, kavu, ukiwa na katikati iliyojaa, bila ule mngurumo wa chini unaoyafanya magita mengine yazame bendi ikichanganya.

Clarence White aliliacha katika miaka ya sitini, likaenda kwa mtu mwingine, naye akahamia gita la umeme na kuingia kundi la roki la The Byrds. Julai 1973, huko Palmdale, California, alikuwa akipakia vyombo kwenye gari baada ya kupiga, akagongwa na dereva mlevi. Alikufa akiwa na miaka 29.

Rice hakulisahau gita la utotoni. Mwaka 1975 alimtafuta aliyekuwa nalo, akampata kwa simu, wakapatana dola 550, akaenda kulichukua. Tangu siku hiyo ndilo lililokuwa gita lake kuu. Mwaka 1993 aliishi Florida, dhoruba ikaingiza maji nyumbani kwake, gita likazama. Lilikaushwa, likapelekwa kwa fundi, likarudi jukwaani. Kampuni ya Santa Cruz ya California imekuwa ikitengeneza magita yenye jina lake, yenye tundu pana kama la lile la kwanza.

Mimi simwoni kama mtu aliyenunua gita. Namwona mtoto wa miaka 9 aliyerudi kumaliza kilichokatizwa.

Ni kweli alipigia gamba la kasa?

Ndiyo. Wapiga gita wengi wa rika lake walipenda piki, vile vibao vidogo vya kupigia nyuzi, za gamba la ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake lina madoadoa ya rangi ya asali. Hazipindi ovyo na zinateleza vizuri juu ya uzi wa shaba. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa ng'amba ni nini: gamba lake lilikuwa likiuzwa nje kutoka ufukwe huu tangu karne za mwanzo, na wafanyabiashara wa Kigiriki waliliandika kwenye orodha zao za bidhaa. Leo ng'amba yuko hatarini kutoweka na biashara ya gamba lake kati ya nchi na nchi ni marufuku. Kwa hiyo usitafute. Piki za plastiki nene zinatosha kabisa, na mimi nilianza na kipande nilichokata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda.

Alitokaje kwa vijana wa nyumbani hadi kujulikana?

Mwaka 1970 alihamia Louisville, Kentucky, akapiga na Bluegrass Alliance. Mwaka uliofuata akaingia bendi ya mpiga banjo J.D. Crowe, iliyokuja kuitwa New South. Walikuwa bendi ya hoteli, namna ile ambayo wazee wetu wa dansi wanaijua vizuri: usiku baada ya usiku kwenye baa ya hoteli mjini Lexington, watu wakinywa, wakiongea, wengine hawasikilizi kabisa. Shule ya namna hiyo haina likizo. Rice mwenyewe alikuwa akisema kwamba kutunza mwendo alifundishwa na Crowe.

Mwaka 1975 walitoa albamu inayobeba jina la bendi, J.D. Crowe & The New South. Crowe kwenye banjo, Rice kwenye gita na sauti, Ricky Skaggs kwenye mandolini na fidla, Jerry Douglas kwenye dobro, Bobby Slone kwenye besi. Watu wa bluegrass huiita kwa namba yake ya lebo, 0044, na mwenzio anakuelewa. Mwaka huohuo walikwenda Japani, na baada ya safari hiyo kikosi kikavunjika. Kikosi chenyewe hakikumaliza hata mwaka.

Kwa nini aliondoka wakati mambo yamenoga?

Alisikia kitu kingine. Mpiga mandolini David Grisman alikuwa anaunda kundi California la kupiga muziki usiokuwa na maneno, nusu bluegrass nusu jazi, na Rice akamfuata. Huko mtu aliyezoea kupiga kwa sikio ilibidi akae chini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, ajifunze kordi zenye majina marefu na kusoma karatasi ya muziki. Alikuwa tayari anawapenda magwiji wa jazi John Coltrane na Miles Davis. Sasa akapata zana. Albamu ya kwanza ya David Grisman Quintet ilitoka 1977, na wengi walioisikia hawakujua waipange kwenye rafu gani.

Baadaye aliendesha pande zote mbili pamoja. Kwa mkono mmoja aliongoza kundi lake, Tony Rice Unit, lililokwenda mbali kabisa na bluegrass. Kwa mkono mwingine alikusanyika na Crowe, Doyle Lawson, Bobby Hicks na Todd Phillips kurekodi nyimbo za wazee kwa utii kamili. Albamu za kundi hilo, Bluegrass Album Band, zilifika sita. Kuna waliomwambia achague. Hakuchagua.

Upigaji wake una nini hasa? Mimi nasikia gita tu.

Hili ndilo swali ninalolisubiri.

Wengi watakuelekeza kwenye solo zake. Ni za kuelekezwa kweli: noti moja moja, kila moja imesimama peke yake kama shanga, mkono wa kulia umetulia kana kwamba hafanyi kitu. Anachelewa kidogo mahali unapotarajia awahi. Anaingiza noti ya jazi katikati ya wimbo wa kanisani na humwoni akiomba radhi. Hayo yote ni kweli, na ndiyo vijana wanayoyaiga.

Lakini mimi nitakwambia usikilize wakati solo ni ya mtu mwingine. Hapo ndipo Tony Rice alipo. Mpiga ridhimu wa kawaida ana mwendo mmoja: besi, kordi, besi, kordi, hadi wimbo uishe. Rice habaki hapo. Banjo ikipanda, yeye anashuka kwenye nyuzi nene na kuiwekea sakafu. Mwimbaji akivuta pumzi, anaijaza ile nafasi kwa noti tatu halafu anatoka mlangoni kabla hujamwona. Anapiga kordi kwa nguvu mara moja, kama mtu anayegonga meza kukubaliana na msemaji, kisha ananyamaza nusu pigo. Ile nusu pigo ya kimya ndiyo inayomfanya mwenzake arushe solo ya maisha yake.

Chukua wimbo wowote wa ile albamu ya 1975. Usikilize mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili weka spika za masikioni, usahau banjo, usahau sauti, mfuate yeye tu huko chini. Utagundua kwamba bendi nzima imekaa mgongoni mwake. Kwa Kiswahili tunasema kusindikiza, na neno hilo ni zuri kuliko yanayotumika kwingine, kwa sababu anayekusindikiza anatembea kwa mwendo wako, anaijua njiapanda ya kukuachia, na usiku ukiwa mnene hakuachi peke yako.

Nimewahi kubishana na mpiga solo mmoja wa mtaani kwetu kuhusu jambo hili hadi kahawa ikapoa. Hakukubali. Wapiga solo hawakubali.

Nasikia alikuwa mwimbaji pia. Mbona nyimbo za baadaye haimbi?

Sauti yake ya ujana ilikuwa nzito kidogo, laini, safi, tofauti kabisa na wale wanaoimba kwa kupaza. Alipenda mno nyimbo za Gordon Lightfoot wa Kanada. Zilikusanywa zikawa albamu nzima mwaka 1996. Ila bluegrass inadai funguo za juu, na kwa miaka mingi aliisukuma sauti yake kupita mahali ilipozaliwa kuishi. Misuli ya koo ikaanza kujikaza yenyewe, ugonjwa ambao madaktari huuita disfonia. Mwaka 1994 aliacha kuimba hadharani. Alikuwa na miaka 43.

Hata kuongea kukawa shida. Ukitazama mahojiano yake ya baadaye utasikia mkwaruzo wa mtu anayezungumza kupitia mchanga. Albamu zikaendelea, gita likaendelea, ila kwenye maikrofoni ya kuimba alisimama mtu mwingine. Kwa miaka kadhaa alizunguka na Peter Rowan, Rowan akiimba, Rice akifanya kile nilichokieleza hapo juu.

Na gita je, aliacha lini?

Miaka ya mwisho viungo vilianza kukataa: yabisi kwenye vidole na maumivu ya kiwiko. Baada ya 2013 hakupiga tena mbele ya watu. Wengine wangeendelea kwa nusu uwezo ili wapate riziki, na nisingewalaumu. Yeye alisema hatarudi mpaka aweze kuwapa watu kile walichozoea kupewa, na hakurudi.

Ni kitu gani kilitokea Raleigh mwaka 2013?

Tarehe 26 Septemba 2013, mjini Raleigh, North Carolina, aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa bluegrass. Alisimama kutoa shukrani kwa sauti yake ile ya mkwaruzo, taratibu, watu wakiegemea mbele ili wamsikie. Halafu akaeleza kwamba amekuwa akifanya mazoezi ya kuirudisha sauti. Akatulia. Akajipanga kama mtu anayetaka kuinua mzigo, na sentensi zilizofuata zikatoka kwa sauti ya zamani, ile nzito na safi ambayo ukumbi mzima ulikuwa umeizika miaka 19 iliyopita.

Hakuimba. Aliongea tu. Video ipo mtandaoni, na wanaume wazima wenye kofia za kichunga ng'ombe wanafuta macho. Nami sitajifanya mjanja, nimeitazama zaidi ya mara moja na kila mara nageuza uso.

Alifarikije?

Asubuhi ya Krismasi, nyumbani, akiwa anajitengenezea kahawa. Hivyo ndivyo Ricky Skaggs alivyowatangazia watu kwa niaba ya familia. Ulikuwa mwaka wa korona, hakuna mkusanyiko mkubwa ulioweza kufanyika, kwa hiyo watu waliomboleza kila mmoja na gita lake kitandani.

Alikuwa mtu wa namna gani?

Mtanashati. Wakati wenzake wanapanda jukwaani na jinzi, yeye alivaa suti iliyomkaa na tai. Alikuwa mkimya na mwenye kujitenga, hasa uzeeni. Na alikuwa fundi saa! Alipenda saa za zamani za Accutron, zile ambazo badala ya tiki-tiki zinatoa mvumo mwembamba kwa sababu ndani yake kuna uma mdogo wa chuma unaotetemeka. Alizifungua na kuzitengeneza mwenyewe. Mpiga ridhimu bora wa kizazi chake alikuwa anatengeneza saa. Ningetunga hili kwenye hadithi, mhariri angelifuta.

Alipata tuzo?

Grammy moja, kwa kazi ya 1983, pamoja na wenzake wa New South. Za chama cha bluegrass alipata nyingi. Tuendelee.

Muziki huu una uhusiano wowote na Afrika, au unatulazimisha tu?

Silazimishi. Banjo ilikwenda Marekani kichwani mwa Waafrika waliotekwa Afrika Magharibi. Huko Senegal na Gambia Wajola bado wanapiga akonting, chombo cha kibuyu na ngozi ambacho ukikiona unamtambua ndugu yake mara moja. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi vya kutosha: Bill Monroe akiwa kijana alipiga kwenye dansi za usiku akimsindikiza mpiga gita na fidla mweusi wa Kentucky, Arnold Shultz, aliyefariki 1931. Monroe mwenyewe alimtaja maisha yake yote kama mwalimu. Shultz hakuacha rekodi hata moja. Tunamsikia ndani ya mikono ya wengine.

Upande wetu, wapenzi wa gita kavu huniuliza kuhusu Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili. Huo ni mtindo mwingine kabisa: Mwenda anatumia kidole gumba na cha shahada, gumba likitembeza besi na shahada ikiongea juu, mtu mmoja anakuwa wawili. Rice ana piki moja tu, na anaipeleka chini na juu kwa zamu, bila kukosea, kama mshono wa cherehani. Lakini njia ya Mwenda na za wale waliomtangulia Rice zilipita uwanja mmoja. Doc Watson alipiga kwenye tamasha la Newport, huko Marekani, mwaka 1963, Clarence White akapiga hapo 1964, na Mwenda akapanda jukwaa la tamasha hilohilo mwaka 1969.

Nianze kusikiliza nini?

Kama huna uvumilivu wa banjo, anza na Manzanita ya 1979. Ni albamu ya bluegrass isiyo na banjo hata moja, kitu ambacho wakati ule kilikuwa kama pilau bila nyama, na bado imeshiba. Kama unapenda ukimya, tafuta Church Street Blues ya 1983: sauti yake, gita lake, na mahali pengine mdogo wake Wyatt anamsaidia ridhimu. Ukitaka nyimbo za wazee zilizopigwa kwa adabu, Bluegrass Album Band, yoyote kati ya sita. Albamu zake za jazi ziache hadi mwezi wa pili. Si mbaya, ila ukianzia huko utadhani nimekudanganya kuhusu kila kitu.

Nataka kupiga kama yeye. Gita langu ni la kichina na limepinda shingo.

Langu la kwanza pia. Nyoosha shingo kwa fundi kama inawezekana, weka nyuzi mpya za chuma, halafu fanya jambo ambalo hutapenda: miezi mitatu ya kwanza piga ridhimu tu. Washa metronomu ya simu, ile inayokugongea mwendo, iweke polepole hadi uone aibu, upige kordi tatu. Mkono wa kulia usikaze. Ukiona bega limepanda, simama. Jaribu kupiga kwa sauti ndogo na bado kila uzi usikike. Rice hakuwa akipigana na gita.

Halafu tafuta mtu wa kumsindikiza. Mwimbaji wa kwaya, mtoto wa jirani mwenye kinanda, yeyote. Peke yako chumbani unajifunza noti. Mwendo unajifunza ukiwa na mtu.

Nani wanaupiga leo?

Bryan Sutton, Molly Tuttle, Billy Strings. Wote ni tofauti, na huyo wa mwisho anajaza viwanja. Ukiwasikiliza vizuri utamsikia marehemu anapita nyuma yao na suti yake.

Wewe siku yenyewe ya Krismasi hufanya nini?

Kuna jambo la ajabu kidogo kwenye kalenda. J.D. Crowe naye alifariki, tarehe 24 Desemba 2021, ikibaki siku moja tu mwaka utimie tangu Rice aondoke. Kwa hiyo tarehe 24 usiku, watoto wakishalala na sufuria za kesho zikishaoshwa, namweka Crowe. Asubuhi ya tarehe 25, maji ya kahawa yakiwa jikoni, namweka Rice. Mke wangu alishagundua kwamba siku zote mbili ni albamu ileile ya 1975. Nikamwambia leo nasikiliza banjo, kesho nitasikiliza anayeisindikiza.